Mzigo Ukae Wapi? Kisa cha Baiskeli ya Samaki Iliyojengwa Uani, Tanga

Baiskeli ya mzigo ikianza kusumbua hapa Tanga, dawa ya kwanza inayotolewa ni chuma zaidi. Keria imepinda? Ongeza nondo. Spoku zinakatika? Weka nene. Fremu imepasuka? Bandika kipande cha bati zito, chomelea, piga rangi, rudi barabarani. Mafundi wetu ni hodari na sisemi hawajui kazi. Mji huu umelelewa na baiskeli, na bila wao nusu ya Ngamiani ingetembea kwa miguu. Lakini kisa ninachokieleza hapa kimenithibitishia jambo ambalo natamani kila anayebeba mzigo kwa magurudumu mawili alijue kabla hajalipia nondo nyingine. Kabla ya kuuliza chuma kina nguvu kiasi gani, uliza kwanza mzigo umekaa wapi.

Mwenye baiskeli ni shemeji yangu, mke wa kaka. Anauza samaki. Alfajiri yuko diko la Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa, ananunua, anapanga samaki na barafu ndani ya deli, anafunga deli kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magari, kisha anarudi Makorora kuuza. Wanaobaki anawakaanga jioni. Mwanamke juu ya baiskeli na baibui lake hapa kwetu hageuzwi shingo na mtu. Mji ni tambarare, mitaa imenyooka, na mabinti wanafundishwa kuendesha wakiwa wadogo. Baiskeli yenyewe ilikuwa ile ya kike ya Kichina tunayoifahamu sote: fremu iliyoshuka katikati, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma. Deli likijaa tuliliweka kwenye mizani ya sokoni likasoma kilo 70 na ushee.

Malalamiko yalikuwa mengi, na kila fundi alishika moja. Spoku za nyuma zilikuwa zinakatika, tena zote zikikatika palepale kwenye kona, pale spoku inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Usukani ulikuwa mwepesi, unayumba ukipiga shimo dogo tu. Keria ilishachomelewa mpaka haijulikani chuma cha kiwandani ni kipi. Mkia wa baiskeli ulikuwa unacheza, yaani ukikata kona unahisi nyuma inachelewa kukufuata. Lakini lililonifanya nikae chini na kalamu ni maneno yake mwenyewe: "Shemeji, kukanyaga hakunichoshi. Kinachonishinda ni kushuka."

Nikaenda naye diko kuangalia. Kweli. Akiwa juu ya kiti baiskeli inatulia. Akitaka kushuka, mara tu uzito wake unapoondoka kwenye kiti, gurudumu la mbele linanyanyuka kutoka ardhini, usukani unapinda wenyewe, na deli lote linataka kulala nyuma. Kwa hiyo kila anaposimama kwa mteja lazima aombe mtu ashike usukani. Mchuuzi anayehitaji msaidizi kila anaposimama hana biashara ya kutembeza. Ana biashara ya kutoka nyumba moja hadi nyingine akitafuta msaidizi.

Hesabu yake si ngumu, na mtu yeyote mwenye futi ya fundi cherehani na mizani anaweza kuifanya. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma palikuwa na sentimita 115. Katikati ya deli palikuwa sentimita 15 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu deli ni refu na kiti kinalizuia lisisogee mbele. Kiti kiko sentimita 40 mbele ya ekseli hiyo. Shemeji ana kilo 65. Baiskeli yenyewe kilo 20, na uzito wake uko karibu sentimita 50 mbele ya ekseli ya nyuma. Sasa chukua ekseli ya nyuma kuwa ndiyo egemeo. Kinachoshusha mbele ni mwendeshaji, 65 mara 40, na baiskeli, 20 mara 50, jumla 3,600. Kinachonyanyua mbele ni deli, 70 mara 15, yaani 1,050. Baki ni 2,550; gawa kwa 115, unapata kilo 22. Katika kilo 155 za safari nzima, gurudumu la mbele linabeba 22 tu, la nyuma linabeba 133. Ndiyo maana usukani mwepesi. Kisha mtoe mwendeshaji: baiskeli inashusha kwa 1,000, deli linanyanyua kwa 1,050. Deli limeshinda. Hapo hata ukijenga keria kwa reli ya garimoshi, mbele itanyanyuka. Tena itanyanyuka zaidi, kwa sababu hiyo reli nayo imekaa nyuma ya ekseli.

Na spoku je? Watu wengi wanadhani spoku hukatika kwa kuzidiwa uzito mara moja, kama kamba. Spoku huchoka. Gurudumu likizunguka, spoku iliyo chini hulegea kidogo, ikipanda juu inakaza tena. Gurudumu la inchi 28 lina mzunguko wa mita 2.2 hivi, maana yake kila kilomita moja kila spoku inalegezwa na kukazwa mara 450. Uzito ukiwa mkubwa, kulegea kunakuwa kwingi, na kona ya spoku inakunjwa na kukunjuliwa mpaka inapasuka. Ukiweka spoku nene bila kupunguza uzito ulioko juu ya gurudumu lile, umenunua muda tu.

Kwa hiyo swali likawa: deli tulipeleke wapi?

La kwanza kutajwa uani lilikuwa guta. Guta ni chombo cha heshima. Lina magurudumu matatu, halianguki likisimama, na linabeba mara mbili au tatu ya mzigo huu. Lakini ni pana, na vichochoro anavyopita shemeji, hasa karibu na nyumba yenyewe, havipitishi guta. Tena guta tupu tu lina uzito wa kumtesa mtu mmoja asubuhi na mapema. Kwa mtu wa saruji au wa magogo ningesema nunua guta, usinisumbue. Kwa kilo 70 za samaki ni kubwa mno.

Njia ya pili ni ile ya Denmark, ambako tangu miaka ya 1920 wanatengeneza baiskeli waliyoiita Long John: mzigo unakaa mbele, chini sana, kati ya usukani na gurudumu dogo la mbele. Ni baiskeli nzuri, na nasema hivyo kwa dhati, maana mzigo unauona kwa macho yako na uko karibu na ardhi. Shida yake ni usukani. Gurudumu liko mbali na mikono, hivyo lazima kuwe na fimbo ndefu inayopita chini ya mzigo kwenda kugeuza foki, yenye viungo vya gololi pande zote mbili. Viungo hivyo vikipata uchezaji kidogo, baiskeli nzima inatikisika kichwa. Na ukivichomelea vibaya, siku fimbo ikikatika huna usukani kabisa. Kwa kazi ya uani, na chumvi ya pwani inavyokula viungo, nikaogopa.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kurefusha mkia. Gurudumu la nyuma linarudishwa nyuma, nafasi inayopatikana kati ya kiti na ekseli inakuwa ya mzigo. Wazo hili lilipata jina kubwa duniani mwaka 1998 kupitia Xtracycle ya Marekani, na mwanzilishi wake, Ross Evans, alilipata akiwa Nicaragua, kwa watu wa kipato kama chetu wanaobeba kwa baiskeli. Wao walitengeneza kiungo cha kufunga kwa bolti kwenye baiskeli iliyopo. Sisi hatuna kiungo hicho dukani, lakini tuna mabomba, tuna grenda, na tuna fundi wa mageti nyumba ya pili.

Faida kubwa ya mkia mrefu ni kwamba sehemu yote ya mbele inabaki baiskeli ya kawaida. Usukani ni uleule, pedeli ni zilezile, na ikiharibika Pongwe fundi yeyote chini ya mwembe anaijua.

Tukarefusha kwa sentimita 40. Rudia hesabu na utaona nilichokiona. Ekseli kwa ekseli sasa ni 155. Deli ambalo lilikuwa 15 nyuma ya ekseli sasa liko 25 mbele yake. Kiti kiko 80 mbele. Baiskeli imeongezeka uzito, kilo 26, nao uko karibu 75 mbele. Jumla inayoshusha mbele ni 8,900. Gawa kwa 155, kilo 57. Gurudumu la mbele limetoka kubeba 22 hadi 57, na la nyuma limeshuka kutoka 133 hadi 104, ingawa chombo kizima sasa ni kizito zaidi. Mwendeshaji akishuka, mbele bado kuna kilo 24. Usukani hauna sababu ya kunyanyuka. Nilipoiweka hesabu hii kwenye karatasi mbele ya fundi wa mageti aliinyamazia kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunampa nondo mtu anayehitaji nafasi."

Kuna watu watauliza kwa nini sentimita 40 na si 80. Kwa sababu kila sentimita unayoongeza inaufanya mkia ujisokote zaidi, inaongeza cheni, na inaongeza sehemu ya kugeukia. Ongeza unachohitaji ili mzigo uwe mbele ya ekseli, kisha simama.

Hapo kwenye kujisokota ndipo kazi halisi ilipokuwa. Fremu ya kiume ina pembetatu. Pembetatu haijipindi ovyo. Fremu ya kike imeondoa bomba la juu ili mtu apite, na kwa hiyo inajisokota kirahisi: usukani unaelekea huku, kiti kule. Na shemeji hawezi kupewa fremu ya kiume. Deli likiwa nyuma hakuna anayeweza kurusha mguu juu yake, achilia mbali mtu wa baibui. Lazima apite katikati. Basi tunapataje fremu iliyo wazi katikati lakini ngumu?

Jibu liko kwenye kipenyo cha bomba. Bomba likiwa na unene uleule wa ukuta, ugumu wake wa kujisokota unakua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, wakati uzito unakua kwa kipenyo tu. Ukitoka inchi moja kwenda inchi moja na nusu, uzito unaongezeka kwa nusu, lakini ugumu unaongezeka zaidi ya mara tatu. Mtu anayetafuta ugumu kwa kununua bomba jembamba lenye ukuta mnene anabeba kilo bure. Kwa hiyo katika yale mabomba mawili yaliyoshuka kutoka kwenye bomba la kichwa, lile la usukani, kwenda kwenye bomba la kiti, lile la juu tuliliondoa, tukaweka mahali palepale bomba la milimita 38, ukuta milimita 1.5. Na nyuma ya bomba la kiti, kwa kimo kilekile, tukaendeleza bomba la ukubwa uleule kama uti wa mgongo, likipita juu ya gurudumu la nyuma hadi mwisho wa mkia. Kutoka kwenye mhimili wa pedeli tukapeleka mabomba mawili ya inchi moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, na kutoka mwisho wa uti wa mgongo mengine mawili yakashuka kukutana nayo hapo. Yakaongezwa mengine ya mshazari kati yake, kwa sababu bila mshazari mstatili hujikunja.

Tulikataa bomba la maji. Watu hulipenda kwa kuwa linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na linaonekana gumu. Ni zito kwa kazi hii, na limepakwa zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea unapita hapo kwa mbali sana. Moshi mweupe unaotoka ukiuvuta unakupa homa ya usiku, mwili unatetemeka na kichwa kinauma. Mafundi wengi wameipata na wakadhani ni malaria. Ukilazimika kuchomelea bomba la namna hiyo, ondoa zinki yote kwa grenda kwanza, tena fanya kazi mahali penye upepo.

Ramani tuliichora kwa chaki juu ya mlango wa mbao uliotolewa kwenye bawaba, ukubwa halisi, kila bomba mahali pake. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Mchoro wa ukubwa halisi haukudanganyi. Unalaza bomba juu ya mstari, unaona palipozidi, unakata. Ncha za mabomba zinazokutana na bomba la mviringo tulizichonga kwa tupa mpaka zikumbatie bila mwanya. Fundi wa mageti alitaka kujaza mianya kwa weldi kama anavyofanya kwenye geti. Geti halibebi mtu barabarani. Kazi ya tupa ilikula muda kuliko yote, na ndiyo iliyofanya kuchomelea kuwe kwepesi.

Sasa kuchomelea kwenyewe. Fremu za zamani zimeungwa kwa shaba ndani ya vikombe vya chuma kwenye maungio. Ukipiga weldi ya umeme pale penye shaba, shaba inachanganyika na chuma na kiungo kinapasuka hata kama kwa macho kinang'aa. Kwa hiyo kila tulipogusa fremu ya zamani tulisaga mpaka rangi ya njano ikatoweka kabisa, chuma cheupe kikabaki. Mashine ikashushwa hadi kama ampea 60, vijiti vya milimita 2.5, maana ukuta wa milimita 1.5 unatobolewa haraka na mkono uliozoea geti. Na hakuna kupiga mstari mmoja mrefu. Unapiga nukta upande huu, unahamia upande wa pili, unaacha kipoe, unarudi. Weldi ikipoa hujivuta, na ikijivuta upande mmoja tu mkia mzima unageuka.

Kwenye ekseli tulitumia ekseli ya zamani ya habu yenyewe. Tuliifunga kwa nati, upana wa ndani milimita 110, ikashika vipande viwili vya bati la milimita 5 vilivyokatwa mfereji wa kuingizia gurudumu, na vikachomelewa vikiwa vimeshikwa hivyo. Bila kufanya hivyo, vipande hivyo vitajivuta na gurudumu halitaingia, au litaingia likiwa limelala.

Kunyoosha fremu hakuhitaji mashine. Funga uzi wa mwashi kwenye kipande cha ekseli cha kulia, upeleke mbele uzunguke bomba la kichwa, urudi hadi kipande cha kushoto, ukaze. Kisha pima kwa rula umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Ukiona tofauti, mkia umeelekea upande mmoja. Uzi wetu ulionyesha tofauti, ndogo lakini ipo, na fundi akaivuta kwa kupasha moto upande mmoja na kuuacha ujivute wenyewe, hadi rula ikakubali ndani ya milimita mbili. Nilifurahi sana kuona mtu aliyejenga mageti maisha yake yote anaushikilia uzi ule kwa vidole viwili, anaupiga taratibu asikie kama umegusa.

Gurudumu la nyuma tuliweka la inchi 20, ringi ya matundu 36, spoku za milimita 2.3. Hili lilizua mabishano uani, kwa hiyo nalieleza. Gurudumu dogo lina spoku fupi, na spoku fupi inalifanya gurudumu liwe gumu upande kwa upande. Ndiko mzigo wa nyuma unakosukuma. Tena linashusha mzigo. Gurudumu la inchi 28 lina kimo cha sentimita 71, ukiweka madigadi na keria uko kwenye 76. La inchi 20 lina 50, sakafu ya mzigo ikakaa kwenye 54. Deli limeshuka zaidi ya sentimita 20, na kila anayewahi kubeba tenga refu anajua tofauti hiyo unapoyumba. Ni kweli gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi, karibu mara 640 kwa kilomita, na linaingia kwenye mashimo ambayo kubwa linayaruka. Kwa mashimo tuliweka tairi nene. Kwa mizunguko, jibu ni kwamba uzito ulioko juu yake umepungua kwa karibu kilo 30.

Wengine walisema mwendo utakufa. Sproketi ya mbele ina meno 48, frewili, ile gia ya nyuma, ina 18. Na gurudumu la 28, mzunguko mmoja wa pedeli ulikuwa unampeleka karibu mita 6. Sasa ni mita 4.2. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, zamani angekwenda kilomita 21 kwa saa, sasa 15. Lakini nani anakwenda 21 kwa saa na kilo 70 za samaki? Alikuwa anakanyaga polepole kwa nguvu nyingi, magoti yanalia. Sasa anakanyaga kwa haraka na wepesi, na ule mwinuko aliokuwa anausukumia kwa mkono anaupanda akiwa amekaa. Tungeweza kuweka frewili ya meno 16 kupata mita 4.7. Alijaribu, akasema rudisha ile.

Cheni ikahitaji nyongeza ya sentimita 80, yaani cheni mbili zimeungwa. Cheni ndefu hujilaza na kupigapiga. Tuliitegemeza kwa kiroda kidogo cha nailoni upande wa chini. Hayo hayakuwa na shida.

Breki ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko kitu kingine, na bado nazifikiria. Kilo 161 kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa zina nguvu ya kusimamishwa karibu mara mbili ya baiskeli tupu na mtu wake. Breki za vyuma kwenye ringi ya kromu zinashika vizuri jua likiwaka, zikilowa zinateleza, na baiskeli ya samaki inalowa kila siku. Mbele tukabadilisha foki na gurudumu, tukaweka la inchi 26 lenye ringi ya alumini na breki za waya zinazobana pande mbili. Kwa kuwa baiskeli ni ndefu na mzigo uko chini, haiwezi kupinduka mbele, hivyo breki ya mbele inaweza kukazwa kwa nguvu bila hofu. Nyuma tukafunga breki ya ukanda inayobana ngoma kwenye habu, mbali na maji. Inapiga kelele. Shemeji anasema kelele inamfaa, watu wanajua samaki wamefika.

Majaribio tulifanya kwa madumu ya maji, kwa sababu dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na hakuna ubishi. Lijaze mpaka juu. Dumu nusu linacheza ndani na litakudanganya kwamba fremu ndiyo inayocheza. Tulianza na mawili, tukapanda hadi matano, yaani kilo 100, zaidi ya mzigo wa kila siku, na tukaipeleka baiskeli kwenye barabara mbaya makusudi. Baada ya hapo tukakagua kila kiungo. Unapaka mafuta ya taa kwenye weldi, unayafuta hadi pakauke kabisa, kisha unasugua chaki nyeupe juu yake. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yatanyonywa na chaki na mstari mweusi utatokea. Mstari ulitokea mahali pamoja, chini ya kiungo cha uti wa mgongo na bomba la kiti. Tukaukata wote kwa grenda, tukachomelea upya, na tukaongeza bamba dogo la pembetatu chini yake. Pale chuma zaidi kilihitajika, na pale tu.

Stendi ni ya miguu miwili, upana wake sentimita 45, inanyanyua gurudumu la nyuma. Watu hudharau stendi. Kwa mchuuzi ni nusu ya chombo, maana anapima samaki, anapokea hela, anarudisha chenji, na mikono yote miwili ina kazi.

Chumvi haina huruma. Maji ya barafu ya samaki yakidondoka kwenye bomba lililo wazi yanalila kutoka ndani, ambako huoni. Ncha zote tulizifunga, tukaacha tundu dogo chini la kutolea unyevu, tukamimina mafuta machafu ya injini ndani na kuyazungusha kabla ya kupiga rangi ya kuzuia kutu. Deli limewekewa mpira unaopeleka maji nyuma kabisa ya gurudumu, mbali na cheni.

Spoku hazijakatika tena. Deli linapakiwa na mtu mmoja. Kilichobaki kumsumbua ni urefu: kwenye kichochoro cha nyumbani lazima anyanyue mkia kugeuza, na kizingiti cha mlango wa uani kimekuwa kero kila jioni. Tunafikiria kukichonga kizingiti.

Wamekuja watu kutaka ya kwao. Muuza mikate wa mtaa wa pili alikuwa wa kwanza, na nilimwambia hahitaji; sanduku lake ni kubwa lakini jepesi, na akilisogeza mbele kwa kubadilisha keria tu litakaa sawa. Muuza maji anayebeba madumu sita nilimwonyesha guta. Aliyefuata anabeba nazi kutoka njia ya Pangani, viroba viwili, na anashuka kila duka. Huyo tumemlazia baiskeli yake juu ya ule mlango, na chaki imeshaanza kuchora.